Saa Mbili za Fundi Rula

Mimi nilizaliwa siku mvua iliponyesha kutoka chini kwenda juu, na asiyeamini akaiulize mvua. Lakini hili la mjukuu wangu sikulitia chumvi hata punje. Mengine niliyaona, mengine niliambiwa, na mengine niliyasikia nikiwa nimesimama nyuma ya mlango kwa bahati mbaya, bahati mbaya ambayo imenifuata tangu usichana.

Jina alilopewa na mama yake lilishapotea zamani. Mtaa mzima unamwita Rula. Kabla hajaweza kutamka "maji" vizuri, alikuwa akitoa vijiko vyangu kikapuni na kuvipanga sakafuni, vyote vitazame upande mmoja, na kimoja kikigeuka analia mpaka kirudi. Alipokuwa na miaka sita tulikwenda kumtazama mtoto mchanga wa jirani. Watu wazima wakasifu macho, wakasifu nywele. Rula akainama juu ya kitanda, akatazama kwa jicho moja kama anayelenga ndege, akasema, "Sikio moja liko juu." Lilikuwa juu kweli. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, na miwani yake inakaa upande hadi leo.

Mtu wa namna hiyo ukimpa jembe atapiga tuta moja lililonyooka mpaka atoke nchini. Kwa hiyo akapewa randa, akawa seremala.

Karakana yake iko mbele ya nyumba, vyumba viko nyuma, na katikati kuna ukumbi mwembamba unaonuka gundi na mbao mpya. Mimi kigoda changu kipo hapo ukumbini. Asubuhi jua huingia kwa dirisha la juu, likateremka taratibu juu ya vumbi la msumeno, na vumbi lile halianguki. Linaelea, linageuka, kana kwamba linatafuta neno lililokuwa mdomoni likapotea. Mchana nikisinzia pale sijui kama nimelala ndani ya nyumba au ndani ya mti. Nimewahi kuamka nikakuta jani kwenye nywele zangu, na madirisha yote yamefungwa.

Siku moja, hiyo ni miaka mingi nyuma, alikuwa na ubao uliopinda. Akaulowesha, akaufukizia mvuke wa sufuria yangu kubwa bila kuniomba, kisha akaubana mezani kwa vibano vitano vya chuma. Kesho yake nikamwambia, "Si umeshanyooka? Ufungue, mume wangu, unaumia."

Mimi humwita mume wangu. Ndio utani wetu, bibi na mjukuu wake. Mke wake namwita mke mwenzangu, na tumegombana naye kwa raha nyingi.

Rula akacheka. "Haujanyooka, Bibi. Umenyooshwa. Nikiufungua leo, kesho unarudi ulikotoka. Mbao zinakumbuka. Huu ulipokuwa mti kulikuwa na upepo fulani unaousukuma kila siku. Lazima ukae kwenye kibano mpaka uusahau ule upepo."

"Na utajuaje kama umesahau au unajifanya?"

"Hujui," akasema. "Ndiyo maana unasubiri."

Maneno haya nayataja sasa kwa sababu yeye mwenyewe aliyasema, na siku yalipotakiwa yalimtoka kichwani.

Alioa mshonaji, na kila mtu alishangaa. Kazi ya mshonaji ni mikunjo mitupu: shingo, kwapa, kiuno, pindo. Mke mwenzangu ana tepu shingoni asubuhi mpaka jioni na chaki nyuma ya sikio, na mkasi wake ukiingia kwenye kitambaa unazunguka kama maji yanayotafuta njia. Rula alipomwambia mara ya kwanza kwamba meza yake ya kukatia imeinama kidole kimoja, yule binti alimjibu, "Nguo iliyonyooka yote inaitwa gunia. Unataka nikushonee gunia?" Wiki ile ile akaja kuniambia amepata mke.

Walikaa vizuri miaka kumi na moja. Cherehani upande huu wa ukumbi, randa upande ule, na mimi katikati nikila habari za pande zote mbili.

Kisha ndoa ikaingia ukungu. Sikuuona ukiingia. Niliona tu kwamba Rula alianza kulala amempa mkewe mgongo, naye mke akaanza kushona mistari iliyokwenda mrama. Rula akawa anakaa karakanani bila kufanya kazi, ubao mkononi, akiutazama kwa jicho moja kwa muda mrefu kama anayeuuliza swali. Mke mwenzangu akanijia jikoni, akafunga mlango.

"Bibi, mume wako ana mwanamke."

"Mume wetu," nikamsahihisha. "Na hana. Angekuwa naye angekuwa amemnyooshea hata paa."

"Basi mbona ananikimbia? Miezi minne, Bibi. Nikimgusa bega anashtuka kama nimemchoma sindano. Mimi kesho nahamia chumba cha cherehani, nitalala na vitambaa. Vitambaa havinigeuzii mgongo."

Akahama kweli, na mto wake akaubeba. Mto huo mweupe, wenye ua dogo la uzi wa bluu pembeni, naomba muukumbuke.

Nilimwita Rula, nikamkalisha kwenye kigoda changu. Mambo kama haya mama mzazi haambiwi, baba ndiyo kabisa. Bibi ndiye anaambiwa, maana bibi hana la kumshangaza wala la kupoteza. Jua likahama kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule.

"Bibi," akasema mwishowe, "nimepinda."

"Umepinda wapi? Mgongo?"

Akatazama chini. Sikuuliza tena. Nikawa natazama chini naye, wote wawili, kama watu walioangusha sindano.

Akanieleza. Kulianza kwa maumivu, kisha akahisi kitu kigumu ndani kama uzi uliofungwa fundo, kisha kiungo chake kikisimama kikawa kinaelekea upande, kila mwezi zaidi ya mwezi uliopita. Sasa kilikuwa kama mtu anayechungulia kona. Tendo lenyewe halikuwezekana tena, na akaona afadhali mkewe amdhanie mhuni kuliko auone mstari wake umekwenda upande. Yeye, Rula!

"Mke wangu mkubwa," akaniambia, maana naye hunitania, ingawa siku hiyo machozi yalikuwa karibu, "nitafanyaje?"

"Utakwenda hospitali. Na kabla ya hospitali utakwenda chumba cha cherehani."

Hospitali alikwenda kwanza. Chumba cha cherehani nilikwenda mimi, na nilimwambia mke mwenzangu kila kitu, kwa sababu siri ya namna hiyo ingenipasua mbavu. Alianza kucheka, kisha akalia, kisha akasema, "Miezi minne ananiacha nimchukie mwanamke asiyekuwepo! Nilishampa yule mwanamke mpaka sura, Bibi. Nilimpa pengo la meno." Lakini mto haukurudi. Akasema utarudi siku mwenye kitanda atakapouita kwa mdomo wake, na mwenye kitanda akasema hatauita mpaka awe amenyooka. Basi hapo kila kitu kikasimama: mto upande huu, kitanda upande ule, na kati yao hilo fundo.

Daktari alisema ni kovu limeota ndani, mara nyingi halijulikani limetoka wapi. Akasubiri mpaka maumivu yaishe na pindo liache kuongezeka, maana ukikata mapema unakata kitu ambacho bado kinatembea. Kisha akamfanyia upasuaji, akashona upande ule mrefu ili ulingane na ule uliovutwa. Mke mwenzangu aliposikia akasema, "Kumbe ni kupunguza pindo tu. Angeniita mimi."

Rula akarudi nyumbani amenyooka. Alitembea kama aliyebeba yai kati ya magoti. Daktari alimkataza mambo ya chumbani wiki sita, na sigara akamwambia aiage kabisa, maana moshi hunyima kidonda damu. Aliiaga karakanani mbele ya mpaka vanishi, yule jirani anayemmalizia viti, na jirani akasema, "Wewe Rula, sigara umeacha, mke analala na cherehani yake. Unataka kuwa malaika?"

"Wewe paka vanishi," Rula akamwambia.

Kilichobaki kilikuwa kuzuia kisipinde tena. Hilo ndilo lililokuwa roho yake sasa. Daktari alimwambia wazi kwamba kovu linapopona hujikunja, na likijikunja linaweza kukirudisha kilipotoka. Kwa hiyo zilipotimu wiki nne akaitwa na muuguzi apewe kifaa cha kuvuta. Nilikiona baadaye: pete mbili na fito mbili nyembamba zinazorefushwa kwa skrubu ndogo, pamoja na kitambaa laini cha kuwekea. Rula alikigeuza mkononi akasema kwa mshangao, "Hiki ni kibano tu. Ila hiki kinavuta."

Sasa yule muuguzi alikuwa mwanamke, wa umri wa shangazi yake, mwenye sauti ya kufika mpaka benchi la wagonjwa wanaosubiri nje. Na mjukuu wangu ana haya. Alikuwa akijibu "Ndiyo, dada. Nimeelewa, dada," kabla sentensi haijafika nusu, akitazama ukutani ambako, aliniambia, picha ya mapafu ilikuwa imetundikwa upande. Akapewa karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kisanduku cha penseli. Mimi kusoma sijui. Herufi kwangu ni wadudu waliokufa wakiwa kwenye foleni. Lakini niliambiwa baadaye kilichoandikwa, na kilikuwa hiki:

Kifaa: asubuhi saa 2. Jioni saa 2. Miezi mitatu.

Rula ni mtu wa saa. Akaweka kengele kwenye simu. Saa mbili ya asubuhi kengele ikilia, anaweka randa chini, anaingia stoo ya mbao, anakivaa, anahesabu mpaka mia moja taratibu, anavua. Saa mbili ya jioni hivyo hivyo. Hakukosa hata siku moja. Mpaka vanishi akawa anaangalia ule mlango wa stoo. "Kuna nini humo kinachotaka kuonwa dakika mbili kila asubuhi? Unamsalimia nani?"

Mimi nami nilijiuliza, kwa nini mtu anayebana ubao wiki nzima aridhike na mia moja? Siku moja nikamtamkia. Akanijibu kama anayenifundisha: "Bibi, mbao ni mbao. Hii ni dawa. Kidonge unakimeza saa yake, kinafanya kazi chenyewe."

Sikubisha. Mimi hospitali naijua kwa nje.

Wiki sita zikatimia, hakuuita mto. Akasema anataka kuhakikisha. Na zile siku za kuhakikisha ziliijaza nyumba usingizi wa mchana. Nilikuwa nikisinzia ukumbini nikaota mbao zote za stoo zimesimama, zinageuka pole pole kuelekea dirishani, moja baada ya nyingine, kama watu walioitwa na sauti ya mtu wao. Kila ubao ulikuwa na upepo wake, na kila upepo ulikuwa na jina, na mimi nilikuwa nayajua majina yote, lakini nilipofungua macho nilikuwa nimebaki na jina moja tu, na lilikuwa la mjukuu wangu, lile lililopotea.

Nikamkuta amesimama mlangoni. Uso umemshuka.

"Linarudi, Bibi."

"Nini?"

"Pindo. Kidogo. Lakini linarudi."

Mtu mwingine asingeliona. Yeye angeliona hata likiwa unywele.

Kurudi hospitali akakataa. Atasemaje, na amefuata kila neno? Watamwambia mwili wake ni wa aina hiyo, basi. Siku tatu akajifungia karakanani, na nilimsikia akikata vitu vidogo vidogo, akipiga msasa, akipulizia vumbi. Siku ya nne mke mwenzangu akaja jikoni ameshika kipande cha mahameli nyekundu.

"Bibi, kuna mtu amekata kitambaa cha bibi harusi wangu. Kipande hiki kimekatwa kwa mstari ulionyooka. Humu ndani ni mtu mmoja tu anayekata hivi."

Tukaenda wote wawili kwa vidole vya miguu. Juu ya meza ya karakana kulikuwa na kibano cha mbao ngumu, kidogo, kizuri kama kisanduku cha pete, kina skrubu mbili za shaba na ndani kimepambwa kwa mahameli. Kwa ufundi peke yake kilistahili kuwekwa kabatini. Mke mwenzangu akakishika, akakigeuza, akaelewa. Akakiweka chini kana kwamba kimemuuma.

Rula akatokea stoo. Hakuona haya, alishavuka haya.

"Kile cha hospitali hakina nguvu," akasema. "Hiki ukikaza hakirudi nyuma. Leo nikifunga kazi nakivaa, sikivui mpaka kesho. Kiungo kitasahau tu."

"Mume wangu, huo si ubao! Ni mwili, una damu!" mke wake akasema. Na sauti ile nilijua haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa sauti ya mtu anayemvuta mwenzake asikanyage shimo.

"Wewe nguo, mimi mbao," Rula akajibu. "Kila mtu na kazi yake."

Mke mwenzangu akanitazama. Mimi nikaanza kupiga miayo, nikajifanya bibi kizee anayekwenda kulala. Asubuhi ile Rula aliitwa mtaa wa pili kupima mlango. Aliporudi, meza ilikuwa tupu.

Akaja jikoni mbio. "Bibi. Kile kitu changu kiko wapi?"

"Kinapika maharage," nikasema.

Akainama akatazama mekoni. Kwa kweli kilikuwa kinawaka vizuri sana. Mbao ngumu ile, kavu, moto wake wa bluu pembeni, na mahameli ilikuwa imeshakwenda zake. Zilibaki skrubu mbili za shaba zimelala kwenye majivu kama macho ya kiumbe. Na niwaambie kitu, sufuria ile ilipochemka ilikuwa ikiimba. Mke mwenzangu aliisikia pia, ingawa leo anakana.

Nilidhani atanipigia kelele. Alikaa chini sakafuni, mikono juu ya magoti, akawa anatazama moto. Mvuke ulipanda ukamzunguka kichwa, na kwa muda alikuwa mdogo tena, yule wa vijiko. Tukakaa hivyo. Maharage yakawa yanasema yao.

"Siku tatu za kazi," akasema baadaye, bila hasira. Kisha, maana tumbo halina huzuni, "Yataiva lini?"

"Ndiyo kwanza yameanza. Saa mbili."

"Saa mbili!" Akanitazama. "Sasa hivi saa nne ya asubuhi, Bibi. Tukae na njaa mpaka saa mbili ya usiku?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Nani kasema ya usiku, wewe mtoto? Maharage yanajua saa ya ukutani? Saa mbili za kuchemka! Ziishe hizo mbili, yaive, ule."

Rula akafungua mdomo kunijibu. Akatazama sufuria badala yake.

Niliona ile fikra ikimjia usoni. Ilikuja taratibu, kama jua linavyoshuka ukuta wa karakana. Akanyanyuka, akatoka, nikasikia kisanduku cha penseli kikimwagika. Akarudi ameshika karatasi yenye mikunjo minne, akamsomea mke wake aliyekuwa amefika mlangoni.

"Asubuhi saa mbili. Jioni saa mbili." Akasoma tena. "Haijaandikwa ikifika. Haijaandikwa zikipita. Saa mbili tu."

"Wewe umekuwa ukikivaa kwa muda gani?" mke wake akamuuliza.

"Mpaka mia moja."

"Dakika?"

"Hapana. Moja, mbili, tatu. Mpaka mia."

Mke mwenzangu akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtikisika. Rula akadhani analia, akamsogelea, akamshika bega, mara ya kwanza katika miezi sijui mingapi, na hapo ndipo akagundua kwamba anacheka, naye akaambukizwa, wakawa wanacheka wameegemeana mlangoni, na mimi maharage yangu yakataka kuungua.

Walikwenda hospitali pamoja siku hiyo hiyo. Muuguzi alipoisikia habari hakucheka, na hiyo ndiyo iliyomfanya mke mwenzangu ampende. Alichukua kalamu, akaandika upya, akasoma kwa sauti yake ile ya kufika nje, na safari hii Rula hakutazama ukuta. Masaa mawili kamili asubuhi, masaa mawili kamili jioni. Kila nusu saa avue kidogo damu ipite. Asikaze mpaka maumivu. Akiona ganzi au rangi imebadilika, atoe mara moja. Asilale nacho kamwe. Daktari akampima akasema pindo ni dogo na kovu bado ni changa. Hajachelewa, lakini wiki nyingine za mia moja mia moja zingemchelewesha. Aliposikia habari za kile cha mahameli akasema, "Mshukuru aliyepika maharage." Akawaambia pia kwamba kwa upande wake mambo ya chumbani hayana tena katazo, ila waende taratibu, wasikipindishe kwa pupa.

Basi zikaanza saa mbili zenyewe.

Hamjui saa mbili ni ndefu kiasi gani kwa mtu asiyejua kukaa. Tuliweka pazia kwenye kona ya ukumbi, pazia alilolishona mke mwenzangu, na nyuma yake kiti. Rula nyuma ya pazia, mimi kwenye kigoda upande huu, mke mwenzangu na cherehani yake ameivuta mpaka karibu. Siku ya kwanza alikohoa, akasonya, akauliza saa mara tisa. Nikaona nisipofanya kitu atavunja kiti.

Nikaanza kusimulia. Nilimsimulia kiti kilichochoka kukaliwa, kikarudi msituni kwa miguu yake minne, kikakuta miti imekwishakisahau. Nilimsimulia mlango uliofungukia jana. Nilimsimulia fundi aliyeajiri upepo, akaulipa kwa maranda, na upepo ulivyoyachukua yale maranda ukajitengenezea nywele. Nusu saa ikifika nasimamisha hadithi mahali pabaya, yeye anavua, tunanywa maji, damu inapita, kisha, "Haya, Bibi, ule upepo." Cherehani ikawa inakwenda taratibu pamoja nami, tik, tik, kama mtu anayeitikia. Vumbi la msumeno likawa linaelea juu yetu. Kuna siku sauti yangu iliendelea na mimi nimelala. Niliamka nikakuta hadithi imefika mbali, na mke mwenzangu ndiye anayeisimulia, kwa sauti ya chini, uso ameuelekeza kwenye pazia.

"Na yule mwanamke?" Rula akauliza kutoka nyuma ya kitambaa.

"Yupi?"

"Mwenye pengo."

"Amehama mtaa," akasema. Nikafumba macho tena haraka.

Miezi mitatu ikaisha hivyo. Daktari akampima. Akasema pindo limerudi nyuma na limetulia. Aje tena baada ya miezi sita kuangaliwa, lakini kifaa akiweke kando. Ila kumebaki kidogo sana, mwelekeo mdogo, usiozuia jambo lolote.

Rula akarudi ameinamisha kichwa. Nilijua. Mtu wa unywele mmoja ameambiwa "kidogo sana."

Alikaa karakanani, guni mkononi, kile chuma chake cha kupimia pembe. Mke mwenzangu akaingia, tepu shingoni. Nami kwa bahati mbaya nilikuwa nyuma ya mlango.

"Daktari amesemaje?"

"Kumebaki kidogo."

"Kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa vidole. Mke wake akatazama vile vidole kwa makini, kama anavyotazama pindo la mteja.

"Hicho mimi huwa nakiacha kwa makusudi," akasema. "Nguo isipokuwa na hicho haikai mwilini."

Guni ikawekwa mezani, niliisikia.

"Ule mto," Rula akasema.

"Mto upi?"

"Wenye ua. Ulete."

"Umeniita mimi au mto?"

"Mke wangu, usinitese. Wote wawili."

Niliuona ukipita ukumbini jioni ile, jua bado lipo, mweupe, umekumbatiwa kifuani, lile ua la bluu likitazama mbele.

Asubuhi yake kengele ya simu ikalia, maana alisahau kuizima. Saa mbili imefika. Pazia halikusogea, kiti kilikuwa kitupu, cherehani imefunikwa. Mpaka vanishi akaja na viti vyake akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia arudi baadaye. Nikabandika maharage, nikakaa kwenye kigoda changu, nikatazama vumbi.

Saa mbili zilipita. Maharage yakaiva. Ndipo nikasikia mlango wa chumbani ukifunguliwa.